Kiinya au Kenya? Neno ni la nani?

Leo siandiki kuhusu programu, nasimulia historia kidogo.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mwenzetu aliuliza swali kuhusu "cache", ile hifadhi ya muda ya kompyuta. Aliisoma kama tulivyofunzwa kusoma Kiswahili: ka-che. Darasa zima likacheka, mimi nikiwemo. Mhadhiri akamrekebisha, "kash", kisha akaendelea na somo. Swali halikujibiwa. Sikumbuki jamaa huyo akiuliza lingine hadi tukamaliza digrii.

Nilikumbuka kisa hicho juzi nikirudi nyumbani Mugutha. Kwenye matatu, abiria mgeni alitamka Thika kwa th ya "thelathini". Makanga akamwambia ni Dhika, kwa dh ya "dhahabu", ndivyo Wakikuyu wanavyosema. Basi wakaanza kubishana.

Ubishi kama huo uligusa hata jina la nchi yetu. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima akiwa Ukambani, Kitui. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa, Wakikuyu Kĩrĩnyaga. Hiyo ĩ yenye kofia hutamkwa kati ya i na e. Krapf akaandika Kenia, na pengine Kegnia. Mwaka 1920 Waingereza walipoipa koloni yao jina hilo, walizoea kulitamka "Kiinya". Baada ya uhuru wa 1963, Jomo Kenyatta akiwa kiongozi, "Kenya" ikashika kote. Si kwamba kuna kamusi iliyotoa hukumu. Wenye nchi walisema hivyo, na wengine wakafuata.

Kwetu sisi watu wa kompyuta mambo ni hayo hayo. Miaka ya 1990 Linus Torvalds alirekodi sauti yake akitamka "Linux" kwa Kiingereza na Kiswidi, ili watu wajue anavyoitamka mwenyewe. Naye Steve Wilhite, aliyeongoza kazi ya kutengeneza picha za GIF mwaka 1987, alitangaza mwaka 2013 kwamba hutamkwa "jif". Wengi walimsikia na bado wakaendelea na "gif".

Mimi naona hivi: jina la mtu au la mahali lina wenyewe, kwa hivyo waulize wenyewe. Lakini neno la kazi likishaazimwa, aliyeliazima analifinyanga apendavyo. Tulichukua "shati" na "kompyuta" kutoka Kiingereza, tukazipa irabu zetu, na hakuna Mwingereza aliyekuja kudai.

Siku hizi kazini, kijana mpya akiniuliza kuhusu "ka-che", namjibu swali lake kwanza. Matamshi ya ofisini atayasikia tu tukiendelea kuongea. Yule mwenzetu wa chuoni bado namdai msamaha.

Haya, tukutane wiki ijayo.