Kupasua au kuchana?

Mkata kuni akiinua shoka tunasema anapasua. Mwenye msumeno naye akigawa gogo kuwa mbao, tunasema vilevile anapasua. Vigae vya mbao vya Marekani vimenishawishi kwamba kazi hizo ni mbili. Zamani kigae kilipasuliwa kwa bapa la chuma lililogongwa kwa nyundo ya mti: ufa ukafuata nyuzi, mvua ikateleza juu yake. Zilipokuja mashine za msumeno, meno yalikatiza nyuzi popote yalipozikuta, yakaacha uso wa vinyuzi vinavyonyonya maji. Msumeno tuuachie “kuchana”, neno ambalo mafundi wetu wanalo tayari.