Lupango ya Mushi: mgomba, ng'ombe na mikono ya mama

Katika vijiji vya Walungu na Kabare, mkoa wa Kivu Kusini, mtu akitaka kujua shamba ni la nani haanzi kwa kuuliza karatasi. Anaangalia migomba. Penye migomba ya zamani, iliyozunguka nyumba, pana mwenyewe, na mara nyingi huyo alirithi kwa baba yake. Penye maharagi au viazi vitamu peke yake, huenda mlimaji amepewa mahali hapo kwa msimu tu. Desturi hii ina historia ndefu, na bila kuijua ni vigumu kuelewa kwa nini jamaa za Bushi zinafikishana mbele ya machifu na tribinali kwa ajili ya kipande cha udongo ambacho mtu anakimaliza kwa hatua ishirini.

Zamani ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami, awe wa Kabare, wa Ngweshe au wa usultani mdogo. Aliyetaka mahali pa kujenga alimpelekea mwami, ao chifu aliye chini yake, ng'ombe. Hiyo ndiyo kalinzi. Haikuwa kununua kama sokoni, kwa sababu aliyepewa alibaki mtu wa mwami, mwenye kumutumikia na kumuheshimu. Lakini alipata haki ya kukaa, ya kupanda migomba na ya kuachia watoto wake wa kiume. Asiyekuwa na ng'ombe aliomba bwasa: kulima msimu mmoja ao miwili, na kulipa kwa pombe, kuku, ao siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi. Mwenye bwasa alikatazwa kupanda mgomba, maana mgomba haung'oki kesho. Wengi wa waliolima kwa bwasa walikuwa wanawake.

Lupango yenyewe ilipangwa karibu namna moja kila mahali. Nyumba ilikuwa katikati, ya mviringo, imefunikwa majani mpaka karibu na chini. Nyumba za udongo za pembe nne zilikuja baadaye, na manjanja baadaye zaidi. Ng'ombe walilala ndani ao pembeni kabisa ya nyumba. Migomba ilizunguka yote hayo, halafu maharagi chini ya migomba, halafu mtama na viazi vitamu kwenye mteremko, na mbali zaidi malisho ya kilima. Katika mabonde yenye maji watu walilima kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, wakati mashamba ya juu yamekauka.

Siku ilianza na mavi ya ng'ombe. Tuseme wazi, kwa sababu wanaosifu maisha ya zamani huruka sehemu hii: bila samadi, migomba ya Bushi isingedumu. Udongo wa milima ile umelimwa miaka mingi na mvua inausukuma bondeni. Kila asubuhi mama na mabinti walifagia zizi, wakabeba samadi kwa kitunga mpaka kwenye mashina, pamoja na majivu na maganda ya jikoni. Nyingine ilipakwa sakafuni. Vijana wa kiume walipeleka ng'ombe malishoni. Mama alikwenda kisimani, akarudi, akashika jembe mpaka jua kali, akarudi tena na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Jioni bugali ya mtama ilipikwa, na maharagi, ao mboga kama lengalenga. Palipokuwa na maziwa, watoto walipata.

Baba alikuwa na kazi zake: kujenga, kukata miti, kutunza migomba na, zaidi ya yote, kutengeneza kasiksi. Ndizi zilizokomaa zilifukiwa katika shimo lenye majani na joto siku kadhaa mpaka ziive. Kiisha zilimenywa na kukamuliwa kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, maji yakaongezwa, unga wa mtama uliokaangwa ukanyunyizwa, na baada ya siku mbili ao tatu pombe ilikuwa tayari. Kasiksi haikuwa kinywaji tu. Ilifungua mazungumzo ya mahari, ililipa wasaidizi wa shamba, ilimaliza ugomvi wa mipaka. Hakuna aliyekwenda kwa chifu mikono mitupu.

Mpango huu wote ulisimama juu ya ng'ombe, na ng'ombe ndio walioanza kupungua. Tauni ya mifugo ya miaka ya 1890 ilipita katika eneo lote la Maziwa Makubwa. Halafu wakaja Wabelgiji. Sheria ya 1917 iliwapa wakubwa wa serkali uwezo wa kulazimisha wakulima kulima mazao fulani, hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1928 iliundwa kampuni ya Comité National du Kivu, ikapewa uwezo mkubwa juu ya ardhi ya Kivu, na wazungu wakagawiwa mashamba ya kahawa, chai na kinkina kwenye milima ambayo Bashi walichungia. Mwanaume akaenda kutafuta feza ya kodi katika mashamba hayo. Malisho yakapungua. Kazi iliyobaki nyumbani haikupungua hata kidogo. Ilihama tu kutoka mikono miwili kwenda mmoja.

Muhogo ndio ulioingia katika pengo hilo. Serkali ya kikoloni iliusukuma kwa sababu unavumilia udongo uliochoka na unaweza kubaki shambani mpaka siku ya njaa. Ni kweli uliokoa watu wengi. Lakini bugali ya muhogo pasipo maziwa, na maharagi machache, haimujengi mtoto. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa 1947 na Wabelgiji katika Kabare, kilikuwa na waganga waliochunguza kwa miaka mingi watoto wa vilima vile waliovimba miguu na nyuso kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Ni ajabu ya kusikitisha: inchi ya kijani kibichi, mvua karibu miezi tisa, na mtoto anavimba kwa kwashiorkor.

Uhuru wa 1960 haukurudisha malisho. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya Serkali. Kuhusu mashamba yanayoshikwa kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la rais litakaloeleza haki za wakaaji. Agizo hilo halikutolewa. Mwenye kalinzi akabaki na mgomba wake na ushuhuda wa majirani, na mwenye urafiki na ofisi ya mji akaja na karatasi yenye muhuri. Mashamba ya wazungu yaliyochukuliwa katika zairianizasio, iliyotangazwa Novemba 1973, yaliishia mikononi mwa watu wakubwa, si kwa wale waliofukuzwa hapo mwanzo.

Halafu vita. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliwekwa katika kambi kama Inera na Kashusha, na miti ya vijiji vya karibu ikakatwa kwa kuni. Vita ya 1996, na ile ya 1998, zilipitisha watu wenye silaha katika kila kijiji. Ng'ombe haifichwi. Inasikika usiku, inaacha njia mchana. Mbuzi vilevile. Jamaa nyingi zilibaki bila hata mnyama mmoja wa zizini.

Ndipo simbiliki walipochukua nafasi kubwa. Walikuwa wakifugwa tangu zamani, lakini kama mchezo wa watoto. Sasa walipata heshima. Wanakaa jikoni ao chini ya kitanda, wanakula majani na maganda, wanazaa haraka, na mama akikimbia anaweza kuwabeba ndani ya kitunga. Mtoto anauza wawili sokoni Mugogo ao Mudaka na anapata daftari. Mavi yao hupelekwa shambani, ingawa kitunga kimoja cha simbiliki si zizi la ng'ombe wanne, na mgomba unajua tofauti.

Mgomba wenyewe ulipata pigo lake tangu miaka ya 2000, wakati ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kivu: majani yananjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza. Dawa haipo. Shina lenye ugonjwa linakatwa, kisu kinapitishwa motoni. Kwa mzee wa Bushi, kung'oa shamba zima la migomba si hasara ya kasiksi peke yake. Ni kung'oa mashahidi wake.

Anayeumia zaidi ni mjane. Mume akienda kuchimba dhahabu Kamituga na asirudi, shemeji zake wanaweza kusema kalinzi ilikuwa ya baba yao, na mwanamke alikuja kulima tu. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema vingine: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, binti sawa na kijana, na mjane anahesabiwa pia kati ya warithi. Wanawake wengi hawajaisikia. Wengine wameisikia na hawana feza ya tribinali. Kwa hiyo wanafanya kile mama zao walifanya: wanatafuta bwasa kwa jirani, wanapanda maharagi mwezi wa tisa, wanavuna kabla ya Januari, wanalipa kwa siku za kulima. Wapo pia wanaopanda mgomba mmoja, nyuma ya jiko, mahali ambapo mwenye shamba haangalii sana, na wanaungoja ukue.