Mfalme Aliyechapwa Fimbo: Fikra za Utawala katika India ya Kale

Kumtawaza mfalme katika India ya zama za Veda ilikuwa kazi ya zaidi ya mwaka mzima. Alinyunyiziwa maji yaliyotekwa kutoka vyanzo mbalimbali, akapandishwa gari la farasi kuigiza uvamizi, akachezeshwa kete katika mchezo uliopangwa ashinde. Katikati ya shamrashamra hizo makuhani walimwendea kwa nyuma, kimya kimya, wakamchapa mgongoni kwa fimbo. Sababu imeandikwa katika Satapatha Brahmana, mojawapo ya maandiko makongwe yanayofafanua ibada hizo: kwa fimbo zile mfalme huvushwa ng'ambo ya adhabu. Akishachapwa siku hiyo, hakuna tena mwenye haki ya kumwadhibu.

Ibada hiyo iliacha swali zito. Mtu aliyetolewa nje ya adhabu atazuiwa na nani? Wanafikra wa India walilijadili jambo hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hawakuafikiana. Ni makosa kuuona urithi wao kama hekima moja tulivu ya Mashariki, au kinyume chake, kama mkoba wa hila za kisiasa. Ulikuwa ubishi, tena ubishi mkali.

Wengi walianzia mahali pamoja, nao ni hofu ya nchi isiyo na mtawala. Walisema pasipo mfalme watu huishi kwa sheria ya samaki, mkubwa kummeza mdogo. Lakini huyo mfalme alitoka wapi? Sheria za Manu zinadai kwamba Muumba alimfinyanga kutokana na chembe za miungu wanane, kwa hiyo hata akiwa mtoto mchanga asidharauliwe. Wabudha walishika njia nyingine kabisa. Katika Aggañña Sutta, watu wanaanza kugawana mashamba ya mpunga, wizi unazuka, ugomvi unafuata, ndipo wanapokutana na kumteua mmoja wao aliye bora awaamue na kuwaadhibu wakosaji. Ujira wake ni fungu la mpunga wao. Jina lake ni Mahasammata, yaani aliyekubaliwa na wengi. Ukiisoma hadithi hiyo kwa makini, kodi inageuka kuwa mshahara, na mfalme anakuwa mwajiriwa.

Hoja hiyo haikubaki kwenye vyumba vya watawa. Kitabu mashuhuri cha utawala, Arthashastra, kinawaagiza wapelelezi wa serikali waende wawili wawili kwenye mikusanyiko ya watu na kujifanya wanabishana. Mmoja amlaumu mfalme kwa kodi na adhabu. Mwingine amjibu kwamba watu wenyewe, walipochoshwa na sheria ya samaki, walimfanya Manu kuwa mfalme na kumtengea sehemu moja ya sita ya nafaka na moja ya kumi ya bidhaa, ili naye awalinde. Serikali inayolazimika kutuma watu sokoni kutetea kodi inajua vizuri kwamba wananchi wanaiuliza kodi hiyo ni ya nini.

Tena si kila nchi ilikuwa na mfalme. Karne za sita na tano K.K., bonde la mto Ganges lilikuwa na dola zilizotawaliwa na mabaraza ya wakuu wa koo, zikiwemo za Wavajji, ambao kitovu chao kilikuwa mji wa Vaishali. Simulizi za Kibudha zinaeleza kwamba Ajatashatru, mfalme wa Magadha aliyeitamani nchi hiyo, alimtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha. Buddha alitaja mambo yanayowafanya Wavajji wasishindwe, la kwanza likiwa kukutana barazani mara kwa mara na kwa wingi, la pili kukutana na kuachana kwa amani. Waziri alielewa somo. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, alikwenda Vaishali akijifanya amefukuzwa na mfalme wake, akapanda fitina mpaka wakuu wakaacha kuitikia ngoma ya baraza. Arthashastra yenyewe inatenga sura nzima kuhusu namna ya kuvunja dola za mabaraza kwa kuwagombanisha viongozi wao. Kwa macho ya wafalme, umoja wa baraza ulikuwa adui wa kuogopwa kuliko jeshi.

Kitabu hicho nacho kina kisa chake. Waandishi wa zamani walikitaja, lakini maandishi kamili yalikuwa yamepotea machoni mwa wanazuoni mpaka mwaka 1905, mwanazuoni mmoja kutoka wilaya ya Tanjore alipokabidhi nakala ya majani ya mtende kwenye maktaba ya Mysore. Mkutubi wake, R. Shamasastry, alitambua alichokishika. Alichapisha matini ya Kisanskriti mwaka 1909 na tafsiri kamili ya Kiingereza mwaka 1915. Mapokeo yanamtaja mtunzi kuwa Kautilya, waziri aliyemsaidia Chandragupta Maurya kutwaa Magadha mnamo 321 K.K. Watafiti wengi wa leo wanaona mikono ya watu kadhaa ndani yake, na wanakiweka karne kadhaa baada ya Chandragupta.

Sifa ya kitabu hiki nje ya India ni ujanja, sumu na majasusi, na kweli yote hayo yamo. Lakini sehemu kubwa ni kazi ya ofisi. Dola ina viungo saba: mfalme, mawaziri, nchi na watu wake, mji wenye ngome, hazina, jeshi na rafiki. Mfalme ni kiungo kimoja tu, na kitabu hakimwachii nafasi ya kustarehe. Mchana wake umegawanywa sehemu nane na usiku wake sehemu nane. Asubuhi anasikiliza taarifa za ulinzi na mapato, kisha mashauri ya wananchi, ambao hawatakiwi kusubirishwa mlangoni. Kuna saa ya kukagua tembo na farasi, saa ya kupokea wapelelezi, saa ya kuonana na tabibu na mpishi mkuu. Kulala amepewa sehemu mbili za usiku, kama saa tatu hivi.

Fedha za umma ndizo zinazomkosesha mtunzi usingizi. Anaorodhesha njia 40 za kuiba mali ya serikali: pato lililoingia mapema kuandikwa limechelewa, lililochelewa kuandikwa limewahi, kidogo kuandikwa kingi, mizani kuchezewa, bei kupotoshwa. Mtu wa nje anayefichua wizi na kuuthibitisha hupata sehemu moja ya sita ya fedha husika. Akiwa mtumishi wa serikali, moja ya kumi na mbili. Mishahara nayo imepangwa, kuanzia sarafu 48,000 za pana kwa wakuu kama kuhani mkuu, waziri na mrithi wa kiti, hadi pana 60 kwa watumishi wa chini kabisa. Wake na watoto wa mtumishi aliyefia kazini wanastahili posho. Mhasibu yeyote wa serikali leo angejiona nyumbani katika kurasa hizo, na huo ndio upande wa kitabu unaostahili kusomwa zaidi kuliko sura za sumu.

Mjumbe Mgiriki, Megasthenes, alifika Pataliputra, makao makuu ya Chandragupta, mnamo 300 K.K. Kitabu chake kimepotea, ila waandishi Strabo na Arrian walihifadhi vipande. Alielezea ukuta wa mbao wenye minara 570 na malango 64, na mfalme aliyebadilisha kitanda usiku kwa kuogopa njama.

Mjukuu wa Chandragupta ndiye aliyelijibu swali la fimbo kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Mnamo 261 K.K., mwaka wa nane tangu atawazwe, Ashoka aliivamia Kalinga, pwani ya mashariki. Baadaye alichonga hesabu yake mwenyewe juu ya mawe: watu 150,000 walihamishwa, 100,000 waliuawa, na wengine wengi mno walikufa. Akaandika kwamba anajuta. Ni nadra sana kumwona mshindi wa vita akijiandikia hati ya mashtaka na kuibandika mipakani mwa dola yake.

Hata hivyo, tamko hilo la majuto halikuchongwa Kalinga. Huko Dhauli, karibu na mji wa leo wa Bhubaneswar, mahali ambapo sehemu ya mbele ya tembo imechongwa kana kwamba anatoka mwambani, waathirika wa vita waliwekewa maneno mengine. Yanawaelekea maofisa wa mji wa Tosali. Ashoka anasema watu wote ni watoto wake, analalamika kwamba wapo wanaofungwa au kuteswa bila sababu, na anaagiza tamko lisomwe hadharani siku maalumu, hata kama msikilizaji ni mmoja. Kwingineko alitangaza kwamba taarifa za wananchi zimfikie saa yoyote, akiwa anakula, chumbani au bustanini. Ratiba ya sehemu nane haikumtosha.

Pamoja na hayo alibaki mfalme. Katika tamko lile lile la majuto anawaonya watu wa misituni kwamba nguvu ya kuwaua bado anayo. Wanaomchora kama mtakatifu hulisahau onyo hilo, na wanaomwita mnafiki huyasahau maneno ya Dhauli. Yote mawili ni ya mkono mmoja.

Kule Girnar, Gujarat, mwamba mmoja umebeba sauti za nasaba tatu. Ashoka alichonga matamko yake hapo. Mwaka 150 B.K. mfalme Rudradaman akaongeza habari za ziwa Sudarshana, bwawa lililojengwa enzi za Chandragupta na kuongezewa mifereji enzi za Ashoka. Dhoruba ilikuwa imebomoa ukuta wake, ikaacha pengo la urefu wa dhiraa 420. Washauri walikata tamaa, wananchi wakalia. Mfalme akalijenga upya, naye anajisifu kwa jambo moja hasa: alitoa fedha kwenye hazina yake, bila kuwabebesha watu wa mjini na mashambani kodi ya ziada wala kazi ya shokoa. Karne ya tano, maofisa wa Skandagupta walilikarabati tena, nao wakaandika pale pale. Mpunga wa Mahasammata ulikuwa na malipo yake, na hapa mwenye kulipwa anaonyesha kazi aliyoifanya.

Elimu hii ya utawala ilifika mbali kuliko dola zenyewe. Panchatantra, hadithi za wanyama ambazo mzee Vishnusharma anasemekana kuzitumia kuwafunza wana watatu wa mfalme, wazito wa akili, namna ya kutawala, zilitafsiriwa kwa Kipahlavi karne ya sita katika enzi ya Khosrow wa Kwanza wa Uajemi. Karne ya nane Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Mojawapo inamhusu tumbili anayebebwa na mnyama wa majini anayeutaka moyo wake, na ndani yake kimo kisa cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Wazanzibari walikuwa wakiisimulia wakiwa na kima na papa, na mmisionari Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, miaka 39 kabla matini ya Arthashastra haijachapishwa Mysore.