Vivinjari na Bando la Sanya Juu

Mzazi wa Sanya Juu anayetafuta kwa simu matokeo ya mtihani wa mwanawe hajali nani alishinda vita vya vivinjari. Anaangalia bando. Hata hivyo vita hivyo vilimfikia.

Kivinjari ndiyo programu inayotufungulia kurasa za intaneti. Netscape ilitoka mwaka 1994, ikatamba. Mwaka uliofuata Microsoft ikaleta Internet Explorer, baadaye ikaiweka bure ndani ya Windows, na Netscape ikaporomoka. Mshindi naye alistaafishwa Juni 2022. Hiyo ilikuwa ngoma ya wenye kompyuta; wengi wetu tuliisikia kwa mbali.

Simu ndiyo iliyobadili hesabu. Opera Mini, ya kampuni ya Norway, ilienea duniani kuanzia mwaka 2006, na haikudai simu ya bei mbaya. Ukurasa ulipita kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ukabanwa, ndipo ukatumwa ukiwa mwepesi. Vocha ikadumu. Lakini huwezi kubana usichokifungua. Katika ubanaji ule mkali, hata ukurasa uliofungwa kwa siri hufunguliwa kwanza mitamboni. Ni sawa na posta kufungua bahasha yako ili ipungue uzito!

Matokeo ya Baraza la Mitihani hutangazwa hadharani, kwa hiyo hapo sioni ubaya. Mzazi na aokoe bando lake. Ila namba ya siri ya benki mimi siipitishi huko. Hapo nafungua Firefox au Chrome, bando liende.