Kingo za mito na bustani ni ngao ya miji dhidi ya mafuriko na joto

MTO Malakisi huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita penye mji wenye jina lilo hilo katika Kaunti ya Bungoma, kisha huelekea mpaka wa Kenya na Uganda. Mvua kubwa inyeshapo mlimani, maji hufurika bondeni. Kwa hivyo, matumizi ya ardhi iliyo kandokando ya mto huo si suala la urembo wa mji pekee, bali ni la usalama wa wakazi na mali yao.

Maeneo ya kijani ya mji ni pamoja na bustani za umma, misitu, vinamasi, miti ya barabarani na ukanda wa mimea ulioachwa kando ya mito. Umuhimu wake umeongezeka kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa, ambayo huleta mvua za kishindo na vipindi vya joto kali.

Maji ya mvua yaangukapo juu ya mabati, saruji na lami, hutiririka kwa pamoja hadi mtoni. Penye miti na nyasi, mizizi huufungua udongo, ukayanywa maji hayo na kuyaachilia polepole. Vilevile, kivuli na unyevu utokao majanini hupoza hewa. Mji wa Medellín nchini Colombia ulianza mwaka 2016 kupanda miti kando ya barabara na mikondo ya maji, na wasimamizi wake wameripoti kuwa joto lilipungua kwa takriban nyuzi 2.

Nchini Kenya, funzo kuu limetoka Nairobi. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na mradi huo ukaachwa. Mwaka 1999 alishambuliwa akitetea Msitu wa Karura, ambao hadi leo una takriban hekta 1,000 ndani ya jiji.

Kwingineko jijini, kingo za mito zilijengwa nyumba. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoua watu, serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi karibu na mito kuhama, na makao mengi yakabomolewa, yakiwemo ya Mathare. Ardhi ambayo ingeachwa wazi tangu mwanzo ilikombolewa kwa tingatinga, na aliyeumia zaidi ni mpangaji maskini.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Eneo la magharibi lina mifano yake. Jumba la Makumbusho la Kitale limehifadhi kipande cha msitu wa asili, na nje ya mji huo ipo mbuga ya kinamasi cha Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kumlinda nzohe. Miongoni mwa Wabukusu, vijana wanaotahiriwa hupakwa tope kinamasini au kando ya mto alfajiri, mwezi wa Agosti wa miaka shufwa. Mahali kama hapo pakijazwa kifusi, au pakipandwa mikaratusi inayofyonza maji mengi, jamii hupoteza mila na kinga ya mafuriko kwa pamoja.

Malakisi ungali mji mdogo, na hapo ndipo penye nafasi yake. Kuipima kingo ya mto kabla viwanja havijauzwa, kuirejeshea mikuyu na miti mingine ya kiasili, na kuacha uwanja wenye kivuli karibu na soko ni kazi nyepesi kuliko kubomoa baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.