Upupu siyo washawasha, wadau!

Huku kwetu kila kinachowasha tunakiita upupu. Siyo kweli, na ukichanganya unaweza kuumia zaidi.

Upupu wenyewe (Mucuna pruriens) ni ukoo wa maharage. Unatambaa, na vinyweleo vinavyowasha viko kwenye ganda la mbegu, siyo kwenye jani. Ganda likikauka vinapeperuka. Vina kimeng'enya kinaitwa mukunaini, hicho ndicho kinakufanya ujikune kama kichaa.

Washawasha (nasema majani, siyo lile gari la polisi!) ni ukoo mwingine kabisa, Urticaceae. Majani yana meno meno pembeni, na mmea unapenda udongo wenye mbolea nyingi, kama nyuma ya zizi. Kila kinyweleo ni bomba la sindano hasa. Ncha yake ni silika, kitu kama kioo. Ukigusa tu inakatika, halafu majimaji yanaingia kwenye ngozi. Zamani ilisemwa ni asidi ya sisimizi tu, lakini mwaka 1947 Emmelin na Feldberg walionyesha kuna histamini na asetilikolini.

Kuna wa tatu, Tragia, anayejisokota kwenye miti. Huyo ni ndugu wa muhogo na mbarika, na sindano yake ina fuwele kali ya kalsiamu oksaleti. Koo tatu, silaha tatu!

Kwa nini nasema haya? Bwenini kwetu jamaa alimwagiwa upupu kitandani usiku wa kuamkia mtihani. Wenzake wakamsugua kwa taulo, vinyweleo vikasambaa mpaka machoni. Hesabu aliifanya kwa jicho moja, lingine limevimba.

Upupu hausuguliwi. Bandika selotepu kwenye ngozi, bandua, rudia, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Shuka usikung'utie chumbani. Ukiingia jichoni, maji safi mengi halafu hospitali, siyo kesho.

Washawasha yenyewe ina faida. Ukiichemsha sindano zinalegea, haiwashi tena. Kenya Wakikuyu wanaiita thabai, wanaiponda kwenye mukimo. Hata gorila wa Virunga wanaila mbichi aina ya Laportea, ila kwanza wanakunja majani ili upande unaochoma ubaki ndani. Wajanja kuliko sisi wa bwenini.

Maswali tupieni hapo chini.