Shilingi ya Simba

Mzee mmoja hapa Mwello alinifungulia kitambaa. "Mwanangu, kuna mtu wa sokoni Busia anaitaka hii. Niuze?" Ndani kulikuwa na shilingi moja ya 1942. Upande mmoja ni kichwa cha mfalme George wa Sita, upande mwingine simba amesimama, milima nyuma yake.

Nilimwomba angoje siku mbili, nikaenda kusoma.

Kabla ya shilingi, watu wa Kenya na Uganda walitumia rupia. Mwaka 1920 wakoloni waliiondoa, wakaleta florini kwa muda mfupi, halafu 1921 ikaja shilingi. Mwaka huo huo masetla wa Kenya waliamua kukata mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku alipinga, akakamatwa Machi 1922. Yaani simba huyu alizaliwa wakati mfuko wa mfanyakazi unapungua.

Wengi hudhani sarafu hii ni fedha tupu. Hapana. Ni robo tu. Uzito wake haufiki gramu 8, kwa hiyo fedha yenyewe haifiki gramu 2. Zile za 1948 na kuendelea hazina fedha hata kidogo. Anayekuambia utatajirika anakudanganya, na anayekuambia ni chuma cha kutupa naye anakudanganya.

Lakini mimi kilichonigusa ni mpaka. Kwa zaidi ya miaka 40 shilingi hiyo moja ilinunua chumvi upande huu na ule, ikafika mpaka Dar es Salaam, bila mtu kubadilisha pesa. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ikatoa yake. Leo tukivuka, lazima wabadilishaji wapate chao.

Na noti je? Uganda mwaka 1987, shilingi 100 za zamani ziligeuka 1 mpya, na serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Wenzetu wa Kongo wanakumbuka 1993, zaire milioni 3 zikawa 1 mpya. Wengine wetu tulifika hapa na noti ambazo duka halizitaki.

Nilimweleza mzee yote. Bei aliyopewa ilikuwa ya kilo moja ya sukari. Akaniambia, "Baba aliipata kwa jasho lake. Sukari itaisha Jumamosi." Akaifunga tena.

Kama nawe unayo, soma mwaka kwanza, ipime, halafu uliza watu watatu kabla ya kuuza.